Siku ya posho na Linux: historia ya programu inayopita mkono kwa mkono

Likasi, Haut-Katanga. — Wazee wa hapa kwetu hawasemi Jumamosi. Wanasema siku ya posho. Jina hilo lilitoka wakati wa Union Minière: ilikuwa siku ya familia za wafanyakazi kupanga mstari na kupokea unga na chakula kingine cha wiki. Mstari ule haupo tena, lakini jina limebaki midomoni mwa watu.

Ndiyo siku ambayo kikundi kidogo cha vijana kinakutana katika chumba kimoja cha darasa, komine ya Kikula, kufundishana Linux. Hawana jina kubwa wala mhuri. Wana meza, mashini za zamani, flashi chache na waya mrefu wa kuvuta umeme pale unapokuwepo. Anayejua anamfundisha asiyejua. Hakuna anayelipa na hakuna anayelipwa.

Mara ya kwanza nilienda kwao na shida, si na mikrofoni. Nilikuwa nimekusanya mahojiano na wastaafu wa viwanda vya Shituru na Panda kwa ajili ya kipindi cha redio. Siku moja niliingiza flashi yangu kwenye mashini ya watu ili kuchapa karatasi moja tu. Nilipofika nyumbani, mafolda yote yalikuwa yamegeuka vialama vidogo visivyofunguka. Zilikuwa sauti za wazee kumi na mmoja, na wawili kati yao tulikuwa tumekwisha kuwazika.

Kijana mmoja alichukua flashi ile, akaiingiza kwenye mashini yenye Linux, akaniambia: « Yaya, usihangaike. Virusi hii imeficha tu, haijafuta. » Baada ya dakika chache niliona majina ya mafaili yangu yote. Nilimuuliza nimlipe ngapi. Akajibu: « Rudi siku ya posho ijayo, tukufundishe namna ya kufanya mwenyewe. »

Nilirudi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: desturi hii ya kumfundisha mtu badala ya kumdai pesa ilitoka wapi? Vijana wa Kikula hawakuibuni. Ina historia ndefu, na historia hiyo inatuhusu sisi watu wa mji wa viwanda kuliko tunavyofikiri.

Mashini ya kuchapa iliyozaa ugomvi

Tuanzie Marekani, karibu na mwaka 1980. Katika chuo kikuu cha MIT kulikuwa na maabara ambamo watu waliandika programu na kuziacha wazi. Ukikuta kosa katika programu ya mwenzako, ulifungua maandishi yake, ukarekebisha, na kesho yake wote walifaidika. Hawakuona kama ni wema wa pekee. Ndivyo kazi ilivyokwenda.

Siku moja kampuni ya Xerox iliwapa mashini mpya ya kuchapa. Ilikuwa nzuri, lakini karatasi zilikwama mara kwa mara. Kwenye mashini ya zamani walikuwa wameongeza maneno machache katika programu yake, ili karatasi ikikwama, mashini imwambie mwenye kazi. Kwenye mashini mpya haikuwezekana, kwa sababu programu yake ilikuja imefungwa. Mmoja wa watu wa maabara hiyo, Richard Stallman, alimwendea mtaalamu wa chuo kingine aliyekuwa na maandishi ya programu hiyo, akamwomba nakala. Yule alikataa: alikuwa ametia sahihi kwamba hatampa mtu yeyote.

Stallman amesimulia kisa hicho mara nyingi. Kilichomuudhi kilikuwa zaidi ya karatasi. Mtu mwenye ujuzi alikuwa amekubali, kwa sahihi yake, kuwanyima wenzake wote ujuzi huo.

Mwezi wa Septemba 1983 Stallman alitangaza kwamba ataandika mfumo mzima wa kompyuta ambao kila mtu ataweza kuutumia, kuusoma, kuubadili na kuugawa. Aliuita GNU. Mwaka 1985 alianzisha shirika la Free Software Foundation, na mwaka 1989 ikatoka leseni ya GPL. Leseni hiyo ndiyo moyo wa habari hii yote. Inasema hivi, kwa maneno rahisi: chukua, tumia, badili, gawa, lakini ukigawa, usimfungie mwenzako mlango ambao wewe ulifunguliwa.

Hapa Kiswahili chetu kinatusaidia. Kwa Kiingereza neno moja linabeba maana mbili, ya bure na ya huru, na watu wamebishana miaka mingi kwa sababu hiyo. Sisi tunatofautisha. Kitu cha bure ni kile usichokilipia. Kitu huria ni kile ambacho hakuna mtu wa kukukataza kukifungua uone ndani. Kwa Kifaransa pia wanasema gratuit na libre. Linux mara nyingi ni bure, lakini uzito wake uko kwenye neno la pili.

Mwanafunzi wa Helsinki

Mpaka mwaka 1991 GNU ilikuwa na vifaa vingi, lakini ilikosa kiini, yaani ile sehemu ya katikati inayosema na chuma chenyewe: kumbukumbu, diski, kibodi, skrini. Ni kama kuwa na gari lenye viti, usukani na matairi, bila injini.

Injini ilitoka Finland, nchi ya baridi kali kaskazini mwa Ulaya. Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, mwenye miaka 21. Alikuwa amenunua kompyuta ya aina ya 386 na alikuwa akitumia Minix, mfumo mdogo ambao profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam alikuwa ameuandika kwa kufundishia. Minix haikumtosha. Tarehe 25 Agosti 1991 aliwaandikia watumiaji wenzake kwamba anatengeneza mfumo wake, kwa kujifurahisha tu, na kwamba hautakuwa mkubwa. Aliwauliza wangependa kuona nini ndani yake.

Tuliangalie ombi hilo vizuri. Hakutangaza bidhaa, aliuliza maswali, na watu ambao hakuwahi kuonana nao wakamjibu: huyu akatuma rekebisho, yule akatuma taarifa ya kosa. Mwaka 1992 aliiweka kazi yake chini ya leseni ya GPL, ikaungana na vifaa vya GNU. Machi 1994 ikatoka Linux namba 1.0.

Alikosea katika jambo moja: ilikuwa kubwa. Simu za Android zilizoanza kuuzwa 2008, ambazo nyingi ziko mifukoni mwetu hapa Likasi, zina kiini cha Linux. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko nyingine duniani zinaendeshwa na Linux. Hata ile helikopta ndogo iliyoruka kwenye sayari ya Mars mwaka 2021 ilibeba Linux. Kwa hiyo mtu wa Likasi akisema « mimi sijawahi kutumia Linux », mara nyingi anaisema kupitia simu yenye Linux ndani yake.

Kwa nini watu walianza kukutana

Katika miaka ya 1990 kuipata Linux kulikuwa kazi. Intaneti ilikuwa ya polepole na ya gharama, hata Ulaya. Slackware, mojawapo ya mikusanyo ya kwanza, iliyotoka 1993, ilisambazwa kwenye disketi nyingi, na moja ikiharibika, kazi yote ilisimama. Mwaka huohuo Ian Murdock alianzisha Debian, ambayo mpaka leo inatunzwa na watu wa kujitolea. Lakini kuwa na disketi hakukutosha. Kosa moja katika kugawa diski lilifuta barua zako, picha zako, kazi zako zote.

Kwa hiyo watu walifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya: walitafuta aliyekwisha kupita njia hiyo. Ndivyo vikundi vya watumiaji wa Linux vilivyozaliwa, mji kwa mji. Walikutana katika vyumba vya chuo, katika maktaba, katika mikahawa. Aliyekuwa na disketi nzuri aliwanakilia wengine. Mwenye mashini iliyokataa kuwaka aliibeba mabegani, akaiweka mezani, na watu watatu wakainamia. Ufaransa kulizaliwa chama cha April mwaka 1996 na AFUL mwaka 1998, na mikutano ya namna hiyo ikaitwa install party. Jina hilo ndilo vijana wetu wanalitumia mpaka leo.

Programu za kampuni kubwa zilienea kwa matangazo na kwa kuwekwa ndani ya mashini kabla haijauzwa. Linux ilifika kwenye kompyuta za nyumbani kwa njia nyingine: mara nyingi kulikuwa na mtu aliyekaa karibu na mtu.

Njia ya Afrika

Barani kwetu hadithi ilichukua sura ya shida zetu: pesa kidogo, mashini zilizotumika, intaneti haba.

Namibia, shirika la SchoolNet lililoanza mwaka 2000 chini ya Joris Komen liliweka kompyuta za Linux katika shule nyingi, nyingine ndani kabisa ya nchi. Microsoft ilipowapa zawadi ya programu zake za ofisi, walipiga hesabu wakaona kwamba ili kuitumia zawadi hiyo wangelazimika kulipia mfumo wa Windows kwa kila mashini, pesa nyingi kuliko zawadi yenyewe. Waliikataa. Zawadi inayokuachia deni si zawadi, na wazee wetu walijua hilo kabla ya kompyuta.

Afrika Kusini, Mark Shuttleworth aliuza kampuni yake ya Thawte mwaka 1999 kwa zaidi ya dola milioni 500, akaenda angani mwaka 2002, kisha akarudi kwenye jambo lililomsaidia kuanza, yaani Linux. Shirika lake lilisaidia maabara za shule zilizoitwa tuXlab katika eneo la Cape. Kanuni yao ilikuwa nzuri: shule haikuletewa maabara iliyokwisha kujengwa. Walimu, wazazi na wanafunzi walivuta waya wenyewe pamoja na watu wa kujitolea, ili mashini ikiharibika pawepo mtu wa hapohapo anayejua nini kilipita wapi.

Oktoba 2004 Shuttleworth na wenzake walitoa Ubuntu. Jina hilo halihitaji mkalimani kwetu. Mbemba anasema ubuntu, Muluba anasema bumuntu, Mswahili anasema utu. Kwa miaka kadhaa, mpaka 2011, yeyote aliyeomba alitumiwa CD za Ubuntu bila kulipa hata stempu, na kikundi kiliweza kuomba nyingi kwa mara moja ili kigawe. Katika bara ambalo kupakua programu nzima kuliweza kula usiku mzima kwenye nyumba ya intaneti, bahasha hiyo ya karatasi ilikuwa jambo kubwa.

Na Kiswahili? Hapa Dar es Salaam inastahili heshima yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wataalamu wa kampuni ya IT+46 ya Uswidi, waliendesha mradi wa Kilinux. Desemba 2004 walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili: kuandika barua, kupiga hesabu, kuandaa hotuba. Kazi ngumu haikuwa ya kompyuta bali ya lugha. Ilibidi kukaa na kuamua: hili tuliite faili, hili hariri, hili hifadhi. Hawakulazimika kuomba ruhusa kwa mwenye programu, kwa sababu leseni ilikwisha kutoa ruhusa. Microsoft nayo ilitoa Kiswahili chake, lakini baadaye.

Uganda, chuo kikuu cha Uganda Martyrs kule Nkozi kilikuwa miongoni mwa vyuo vya kwanza vya eneo letu kuhamisha kompyuta zake kwenye programu huria, katika miaka ya mwanzo ya 2000. Na mwaka 2004 wanawake wa Kiafrika wa fani hii, akiwemo Dorcas Muthoni wa Kenya, walianzisha LinuxChix Africa, kwa sababu katika mikutano mingi msichana alikuwa peke yake kati ya wavulana ishirini, na swali lake lilichekwa. Leo kazi hiyo inaendelea kwa jina la AFCHIX. Muthoni aliingizwa katika orodha ya heshima ya intaneti duniani mwaka 2014.

Ukiweka visa hivi pamoja unaona jambo moja. Palipofanikiwa hapakuwa na CD nyingi kuliko kwingine. Palikuwa na watu waliobaki baada ya CD kufika.

Mji wetu na ujuzi wake

Sasa turudi nyumbani. Kwa nini historia hii ituguse sisi wa Likasi?

Mji huu uliitwa Jadotville mpaka mwaka 1966. Uliota juu ya shaba. Kampuni ilijenga viwanda, hospitali, nyumba na shule za ufundi, na kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière iliamua kuwakalisha wafanyakazi hapa pamoja na familia zao na kuwafundisha. Kutoka hapo tulipata mafundi ambao mpaka leo wanaheshimiwa: wa umeme, wa kuchomelea, wa mashini za kutengeneza vyuma. Mwaka 1967 kampuni ikawa mali ya serikali, ikaishia kuitwa Gécamines.

Lakini ujuzi ule ulikuwa wa kampuni. Mchoro wa mashini ulikaa ofisini. Kitabu chake kilifungiwa kabatini. Mfanyakazi alijua sehemu yake, na aliyejua mashini yote alikuwa mmoja au wawili. Mmoja wa wazee niliowarekodi, fundi wa umeme, alinieleza hivi: « Sisi tulijua kukaza skrubu. Kwa nini skrubu ile iko pale, hilo lilikuwa la mkubwa. »

Kisha miaka mibaya ilikuja. Mgodi wa Kamoto uliporomoka 1990, uzalishaji wa shaba ukaanguka, mishahara ikakaa miezi bila kutoka. Kati ya 2003 na 2004, katika ile operesheni ya kuondoka kwa hiari, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliacha kazi. Waliondoka na ujuzi vichwani. Wengi hawakuwa na mtu wa kumwachia, na hawakuwa wameruhusiwa kuuandika. Wengi wao tunawazika sasa, mmoja mmoja.

Ndiyo sababu nilipoteza usingizi kwa ajili ya flashi ile. Na ndiyo sababu leseni iliyoandikwa Marekani mwaka 1989 inanigusa mimi, mtoto wa Likasi. Inasema mchoro wa mashini usifungiwe kabatini.

Shaba na kobalti vinatoka kwenye udongo wetu, vinakwenda ng'ambo, vinarudi vikiwa ndani ya kompyuta zilizokwisha kutumika na wengine, zinazouzwa sokoni. Chuma chenyewe tunakinunua kwa bei ya kilichobaki. Programu huria ni sehemu ya mashini hiyo ambayo hatuipokei ikiwa mabaki: anayeipakua Likasi anapata ileile anayoipata mtu wa Helsinki, siku hiyohiyo.

Siku hiyohiyo, yaani intaneti ikiwepo. Wengi wetu tunakumbuka tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilipokatwa nchini kote kwa karibu wiki tatu. Redio ziliendelea kutangaza, lakini kutuma sauti kutoka mji hadi mji kulikuwa mateso. Katika hali kama hiyo ndipo unapoelewa thamani ya diski moja yenye programu zote, iliyopakuliwa mapema na kukaa mjini. Vijana wa Kikula wanayo. Mtu akitaka Audacity ya kukata sauti au LibreOffice ya kuandika barua, hachomi hata megabaiti moja. Anakuja na flashi yake, anaondoka nayo.

Wanaoanza wanakutana na nini

Nisiwadanganye wasomaji. Kuanza si rahisi, na Linux haitibu kila ugonjwa.

Kosa la kwanza linatungoja kwenye kibodi. Mashini zetu nyingi zina herufi za mpango wa Kifaransa, AZERTY. Usipochagua mpango huo mwanzoni, unabonyeza « a » inatoka « q ». Nimeona mama mmoja, mwalimu wa msingi, akiandika neno lake la siri mara saba, na mara saba mashini ikikataa, mpaka msichana wa sekondari aliyekaa kando yake akagundua.

Kosa la pili ni la woga. Katika dirisha la amri, ukiandika neno la siri, hakionekani kitu, hata nyota. Wote tunafikiri kibodi imekufa. Haijakufa. Mashini inaficha hata idadi ya herufi, ili anayechungulia begani asijue. Endelea kuandika, bonyeza Entrée, itafunguka.

La tatu ni haraka. Kijana anataka kufuta Windows siku ya kwanza. Kikundi kinamkataza. Kwanza anawasha Linux kutoka kwenye flashi, bila kugusa diski, anaijaribu wiki mbili tatu. Halafu ananakili mafaili yake mahali pengine. Kisha ndipo wanaweka mifumo miwili kando kwa kando. Anayechoka na mmoja ataamua mwenyewe.

Kwa mashini dhaifu wanapenda Lubuntu, aina nyepesi iliyoanza mwaka 2010. Kila mgeni anacheka jina hilo, akidhani ni Ubuntu ya watu wa Lubumbashi. Sivyo, ile L imetoka kwenye jina la sura nyepesi iliyokuwa inatumia, LXDE. Lakini hakuna anayetaka kuwakatalia Walushois furaha yao.

Kuna na mambo ambayo Linux haitoi. Mashini kadhaa za kuchapa zinaigomea. Programu nyingi za hesabu za maduka na za wahandisi wa migodi ni za Windows tu, na kijana anayetafuta kazi kwenye kampuni ya madini ataulizwa hizo. Barua iliyoandikwa kwa LibreOffice mara nyingine inafika ofisini mistari imesogea. Wanaofundisha wanasema wazi hayo yote. Kuwa na Linux hakukuzuii kujua Windows. Kinachotafutwa ni kuacha kutegemea nakala za wizi zilizojaa virusi, ambazo ndizo wengi wetu tunazo, na kujua ndani ya mashini yako kuna nini.

Fundi akiondoka

Mwaka huu kikundi kilipata mtihani. Yule kijana aliyeokoa sauti zangu alipata kazi Kolwezi. Tulifurahi naye, tulimpongeza, na njiani kurudi kila mtu alikuwa kimya. Ndiye aliyejua zaidi. Ndiye aliyekuwa na diski, ndiye aliyejibu usiku. Nilijisemea: hapa tena, kama kule kiwandani. Anayejua mashini yote ni mmoja, na anaondoka.

Siku ya posho iliyofuata nilifika nimechelewa, nikitarajia kukuta mlango umefungwa. Ulikuwa wazi. Diski ilikuwa mezani. Ukutani walikuwa wamebandika karatasi tatu zilizoandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili chetu chenye Kifaransa ndani: namna ya kuwasha kutoka kwenye flashi, namna ya kuchagua kibodi, namna ya kuona mafaili yaliyofichwa na virusi. Aliyeziandika ni yule msichana wa sekondari. Yaya wa Kolwezi, kabla ya kupanda basi, alikuwa amemkalisha siku mbili mfululizo, akamwambia aandike kila alichokuwa anamwona akifanya.

Mbele ya msichana huyo alikaa Papa mmoja mstaafu, mmoja wa wale kumi na mmoja niliowarekodi. Alikuja na kompyuta aliyoachiwa na mwanawe. Mkono wake ulitetemeka kidogo kwenye kipanya. Alimuuliza msichana kwa nini lazima kuzima mashini kwa njia hii na si kwa kuvuta waya. Msichana alimweleza: mashini inapofanya kazi kuna mambo imeyashika mkononi ambayo bado haijayaandika kwenye diski, ukivuta waya, yanaanguka.

Mzee alifikiri kidogo. Akasema kwamba kule Shituru, kwa miaka 31, hakuna mkubwa aliyemweleza kwa nini.

Stallman alikataliwa maandishi ya mashini ya kuchapa, akaandika leseni. Torvalds alijenga kiini, akauliza watu wanataka nini. Watu wa Dar es Salaam waliketi na kutafuta maneno. Kila mmoja alipokea kitu akakipitisha mbele, na ndivyo kilivyofika mpaka Kikula. Kinachoweza kukikatisha hapa ni mtu mmoja tu atakayejifunza na kunyamaza.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wanaoanza ni mdogo. Msione haya kuuliza, kwa maana hata Linux yenyewe ilianza kwa swali. Na mkishajibiwa, andikeni jibu kwenye karatasi, kwa lugha ambayo mama yako ataisoma, mlibandike ukutani.

Mimi mwenyewe nimenakili mahojiano yote kumi na moja mara tatu, mahali patatu. Nakala moja iko kwenye diski ile ya Kikula. Anayetaka kuwasikiliza wazee wa Shituru aje na flashi yake siku ya posho, kuanzia saa nane mchana, umeme ukiwepo. Usipokuwepo, watu wapo.